Paa la Mtoto Njiti

Asumini Nampoto alipanda ngazi ya zahanati ya Lihanga akiwa bado amejitanda khanga ya msibani, na alipofika juu akaweka kiganja kwenye paa. Kiganja kikateleza. Akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba, na povu jeupe likatokeza kati ya vidole vyake. Hakuhitaji kipimo cha umeme baada ya hapo. Hata hivyo alikitoa mkobani, akakibandika ukingoni mwa bati, akasubiri, maana wasomi hawapendi kuiamini mikono yao hata pale inaposema kweli.

Kipimo kikasema hakuna umeme. Jua lilikuwa linawaka mpaka macho yanauma, na paa zima lililopaswa kulinywa jua hilo na kuendesha taa, friji ya chanjo na mashine ya pumzi halikuwa linafanya chochote. Utando uliopakwa juu yake ulikuwa umekufa. Ulikuwa umegeuka sabuni, kama alivyoukusudia yeye mwenyewe ugeuke, ila si hapa na si sasa.

Chini, Nesi Tekla alikuwa ameishika ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umevimba. Jana, betri ya zahanati ilipokwisha kabla ya mapambazuko, alichukua mfuko wa kusukumia pumzi akaanza kuuminya, akijipa moyo kwamba jua likichomoza mashine itaamka. Jua lilichomoza. Mashine haikuamka. Waliminya kwa zamu, yeye na mhudumu na baba wa mtoto, wakaleta betri ndogo za majirani ambazo zilitosha kuwasha taa tu, na kabla ya adhuhuri mtoto akakata roho. Alikuwa mtoto njiti, wa kike, mtoto wa Somoe, mdogo wake Asumini. Alizikwa siku hiyo hiyo, hata jina hakuwa amepewa.

Asumini akauliza kutoka juu ni nani aliyeliosha paa.

"Paa letu halijawahi kung'aa hivi, Dokta," Nesi Tekla akajibu, na katika huzuni yake yote sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Walikuja wanawake wa mtaa mzima. Mama yako ndiye aliyewapanga. Alileta majivu ya jikoni kwake, ya mkorosho, akasema hayo ndiyo yanayong'oa uchafu. Wakayapaka mazito, wakafunika kwa magunia yaliyolowa mpaka kesho yake. Si unajua tena, mtoto njiti."

Asumini hakujua. Alikaa kwenye ukingo wa paa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na anayezijua habari za utando aniwie radhi. Utando ni kazi ya Asumini na wenzake kule kiwandani, Mtwara. Hutengenezwa kwa mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Mafuta huungwa kuwa mnyororo mrefu uitwao polima, na polima huyeyushwa kwa maji na spiriti ya mabibo badala ya zile kemikali zilizokuwa zikiwatoa wafanyakazi damu puani. Kinachopatikana hupakwa batini kwa brashi, na kikishakauka hunywa jua na kutoa umeme. Asumini alikulia hapa uwandani wakati mabonde yamejaa paneli ngumu za zamani, zimepasuka na zinavuja sumu ndani ya chemchemi. Alitaka kitu kitakachofanya kazi miaka yake kisha kife kwa adabu. Kwa hiyo kati ya kila pingili mbili za polima aliweka kiungo ambacho vijana wa kiwandani walikiita mlango. Mvua haiufungui mlango huo, wala jua, wala sabuni ya dukani. Majivu huufungua. Utando ukizeeka hubanduliwa, hulowekwa usiku kucha katika pipa la maji ya majivu, huwa sabuni, na sabuni hiyo humwagwa shinani mwa mkorosho bila kumdhuru hata siafu. Walimpa tuzo kwa ajili ya milango ile, na alistahili.

Alijua pia kwamba uwanda huu hauna mto, watu wake hunywa maji ya paa, na wanawake huyasugua mapaa kwa majivu kabla ya mvua. Hilo alilipima mara nyingi. Kusugua na kusuuza hakufungui milango, sharti utando ulowe muda mrefu.

Asichokijua ni desturi iliyoota nyuma yake. Katika miaka ya ukame mrefu, yeye akiwa masomoni ng'ambo, watu wa uwanda walianza kuwaogesha watoto wachanga kwa mvua ya kwanza ya msimu, maji ya paa lile lile walilozaliwa chini yake, na siku hiyo ndipo mtoto hupewa jina. Majirani huja kuliosha paa. La mtoto aliyetimia husuguliwa tu. La mtoto njiti hupakwa majivu na kufunikwa, ili aliyekuja dhaifu apate maji safi kuliko ya wote. Hakuna aliyemweleza Asumini jambo hili, kwa sababu hakuna aliyedhani kuoga kwa mtoto ni habari ya kiwanda.

Alishuka. Nesi Tekla akamuuliza ameona nini, naye akasema bado anaangalia.

*

Alimpigia simu mkurugenzi wa kiwanda akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Bwana Likonde hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kwa kila mtu kama angekuwa mbaya. Aliposikia habari za magunia alipenga kamasi, Asumini akamsikia. Alikuwa na wajukuu.

Halafu akaanza kazi yake, ambayo ni kutafuta njia. Akasema mvua zinatazamiwa wiki hii. Kuna watoto njiti katika zahanati nyingine za uwanda, na Mtotwe kuna mmoja ambaye yuko kwenye mashine sasa hivi, na wanawake wa Mtotwe wamepanga kuliosha paa leo jioni. Haya yote aliyapata kwa simu mbili tatu za pembeni, Asumini akisubiri. Kwa hiyo akataja kufuli.

Kufuli ilikuwa dawa ya kupulizia. Waliitengeneza zamani kidogo wakati wa majaribio, yenye florini ndani yake, na ilifanya kazi moja kwa uhodari mkubwa. Ukiupulizia utando, milango yote inafungwa na haitafunguka tena milele, wala kwa majivu, wala kwa chochote kinachopatikana duniani. Droni zingeweza kuifikisha katika kila zahanati kabla ya machweo. Wanawake wangeosha mapaa wapendavyo. Taarifa ya Lihanga ingesema ni hitilafu ya betri, na betri zingebadilishwa zote ili taarifa isionekane ya uongo.

Tatizo la kufuli ni kwamba nayo haifi. Kila mvua huitoa batini kidogo, ikaingia kwenye mfereji, ikaingia kwenye tangi, ikaingia kwa anayekunywa, na huko ndani ikakaa. Wakati wa majaribio mlinzi wa kiwanda alikuwa na bata waliokunywa maji ya bwawa la kusafishia. Walianza kutaga mayai yasiyo na ganda, baadaye wakaacha kutaga kabisa. Asumini ndiye aliyewapasua bata wale, na ndiye aliyesimama mbele ya bodi na kudai iandikwe kwamba kufuli haitatoka ghalani bila idhini yake. Bodi ilikubali. Siku ile alitoka mle chumbani amejaa furaha.

"Ni kidogo mno, Dokta," Likonde akasema. "Ni kama tone ndani ya tangi."

"Tone kila mvua, mzee. Na hakuna linalotoka."

"Najua. Nawajua bata kama unavyowajua wewe." Akavuta pumzi. "Lakini nikitangaza redioni kwamba majivu yameua utando wa Lihanga, uwanda mzima utauliza ni nani aliyeyapaka. Mama yako atajua kabla ya magharibi. Nisingependa mama yangu mimi ajue jambo kama hilo. Fikiria, unipigie. Usichelewe, maana wa Mtotwe hawachelewi."

Asumini aliiweka simu mapajani. Alijaribu kutunga tangazo kichwani. Alijaribu kulisema kwa ujumla, kwa kuzunguka, kwa lugha ya kitaalamu. Hakuna namna ya kulitamka neno majivu uwandani, siku moja baada ya mazishi, bila kumgonga Mama kifuani. Na Mama alikuwa mjane, mwenye shinikizo la damu, aliyemlea Somoe peke yake na kungoja mjukuu huyu mpaka majirani wakaanza kumtania kwamba ataota mizizi.

*

Nyumbani watu walikuwa wamejaa. Mikeka ilitandikwa mpaka nje, na wanawake walikaa wamenyoosha miguu, wakizungumza polepole mambo ya kawaida kama inavyofanyika msibani ili wafiwa wapumzishe masikio. Mama, ambaye watu humwita Bi Mwanaidi, hakukaa. Alikuwa anapita na birika, anamimina chai, anamlazimisha huyu ale kiazi, anamwuliza yule habari za mgonjwa wake. Ndivyo alivyo, huzuni humwingia kwenye miguu.

Kila aliyemiminiwa alikuwa na neno la kumpa. Wakamwambia amefanya yote ambayo bibi anaweza kufanya. Mmoja akasema hajapata kuona paa lililooshwa kwa upendo namna ile.

"Angalau paa lilikuwa safi," Mama akajibu. "Hakuna atakayesema tulimpuuza."

Asumini alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Aliingia chumba cha ndani haraka kabla uso wake haujasema kitu.

Somoe alikuwa amekaa kitandani, kifua kimefungwa khanga kwa nguvu ili maziwa yakome. Hayakuwa yamekoma. Khanga ilikuwa na madoa mawili yaliyolowa, naye alikuwa amechoka kuibadilisha. Alimwuliza dada yake kama ni kweli alipanda juu ya paa la zahanati.

Asumini akasema alipanda.

"Dada, ulikuta nini? Nataka kujua kama aliteseka kwa sababu ya kitu. Wakiniambia ni amri ya Mungu nitakubali. Lakini umeme ule ulikuwa wako, na wewe hukosei."

"Bado naangalia," Asumini akasema kwa mara ya pili siku hiyo, na akajichukia zaidi kuliko mara ya kwanza.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Alishaitoa simu, akafungua mahali pa kuidhinisha kufuli, na kidole kilikuwa juu yake. Alijiambia kwamba zile paneli za sumu za zamani ziliwekwa na watu waliotaka faida, na yeye hataki faida yoyote, anataka tu mama yake afe siku moja kitandani mwake bila kujua. Tofauti hiyo ilimtosha kwa muda. Nadhani ingemtosha mtu yeyote mwenye mama.

Penye tangi la nyumba palikuwa na mke wa jirani, mjamzito, mimba imepanda juu. Alikuwa anateka maji ya kuchemshia chai ya msibani. Aliijaza ndoo, akaona kiu, akainama, akachota kwa viganja akanywa, akachota tena. Alikunywa kwa raha ya mtu aliyeshinda juani. Alipomwona Asumini akamwamkia vizuri na kumpa pole, kisha akajitwika ndoo.

Asumini akawawaza wajawazito wanaoteka kwenye matangi ya zahanati, akaizima simu. Hakujiona shujaa. Alijiona kama mtu anayekwenda kumpiga mama yake mzazi.

*

Jikoni kulikuwa na Mama peke yake, anapuliza moto chini ya sufuria la wali. Asumini akaufunga mlango na kumwomba akae. Mama akasema wali utaungua. Asumini akaliteremsha sufuria mwenyewe, na hapo Mama akaelewa kwamba jambo ni kubwa, akakaa kwenye kigoda.

"Mama, ni majivu," akasema.

Akamweleza habari za milango, za magunia, za kulowa kutwa na kucha. Alichagua maneno mepesi, na kadiri alivyoyafanya mepesi ndivyo yalivyozidi kukata. Mama alisikiliza amekunja uso, kama anavyosikiliza bei ya kitu sokoni. Alikuwa anatafuta mahali ambapo hesabu haikubali.

"Mbona letu hapa tunaliosha kila mwaka na taa zinawaka?"

"Letu mnasugua na kusuuza. La zahanati mlilifunika."

"Tulilifunika." Mama aliangalia mikono yake. "Wenzangu walitaka wasugue tu, wana kazi zao. Mimi ndiye niliyesema lifunikwe. Niliwaambia huyu ni njiti."

Nje mtu alicheka kidogo kisha akakumbuka yuko msibani.

"Na wewe ulijua majivu yanaufanya nini huo utando wako."

"Nilijua. Niliuweka hivyo kwa makusudi."

"Kwa nini majivu, mwanangu?"

"Kwa sababu kila mtu anayo."

Mama akatikisa kichwa polepole, akikubali. "Ni sababu nzuri," akasema. Alilia bila kujifunika uso. Asumini alipiga magoti akamshika miguu, akamwambia kwamba yeye naye ameua, kwamba alipima kila kitu kuhusu paa asiulize hata siku moja wanaliosha kwa ajili ya nini. Mama alimwacha aseme. Hakumkatalia na hakumkubalia.

Alipoweza kusema tena aliuliza kama yupo mtu mwingine anayejua. Asumini akamsimulia yote, Likonde na kufuli na taarifa ya betri, na bata. Akamwambia kwamba kidole chake kilikuwa tayari juu ya idhini.

"Ulitaka kunionea huruma," Mama akasema.

"Nilitaka sana."

"Ningeendelea kujisifu juu ya lile paa." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Msimu ujao ningekwenda kuwafundisha na wengine."

Mlango ulikuwa umefunguka muda. Somoe alisimama pale amejishikilia fremu, na haikujulikana amesikia kuanzia wapi, ila alikuwa amesikia ya kutosha. Hakupiga kelele. Hakumtazama dada yake kabisa, alimtazama Mama.

"Lilikuwa safi lakini," akasema. "Si ndiyo, Mama?"

Akageuka. Walimsikia chumbani akikunja vitu vyake, na baada ya kitambo wakamwona anapita uani pamoja na mumewe, kilemba kimefungwa vibaya, anakwenda kwa wakwe zake. Kwetu msiba wa mtoto hukaa kwa mama mzazi wa mwanamke. Kuuondoa pale na kuupeleka kwa mume ni kumvua huyo mama nguo mbele za watu, na watu waliokuwa mikekani waliacha kuzungumza wote kwa pamoja. Asumini alinyanyuka ili amfuate mdogo wake. Mama akamshika mkono.

"Mwache. Ana haki." Akajifunga khanga upya. "Mtotwe wanapaka saa ngapi?"

"Jioni hii."

"Basi washa gari."

*

Waliwakuta wanawake wa Mtotwe uani mwa zahanati, majivu yameshachekechwa, magunia yamelowekwa ndani ya pipa. Kulikuwa na vicheko. Dirishani mwa wodi, mama wa mtoto, msichana mdogo aitwaye Zamda, alikuwa anawatazama wanaomwoshea mwanawe paa, na uso wake ulijaa shukrani.

Asumini alianza kusema yeye kwanza. Akajitambulisha, akasema habari za polima na milango, akaonya kuhusu magunia. Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Mzee wao mmoja akamwambia wamemsikia, Dokta, Mungu ambariki, na hawatafunika muda mrefu. Kisha akarudi kwenye pipa na kulikoroga. Wengine wakaendelea kujaza ndoo. Wataalamu wengi wamepita uwandani na maonyo yao, na wanawake hawa wamejifunza kuwaitikia.

Mama alikuwa bado ndani ya gari. Akateremka. Wengi walimfahamu, na habari za msiba zilikuwa zimewafikia, kwa hiyo waliacha kazi wakaja kumpa pole. Alizipokea pole zile mpaka ya mwisho. Halafu akasema.

"Mjukuu wangu hakufa kwa maradhi. Nimemuua mimi, kwa majivu kama hayo, kwa magunia kama hayo. Nilikuwa namwoshea paa aoge. Umeme ukafa, pumzi ikakatika. Binti yangu ameniondokea leo, na amefanya sawa. Mkipaka, na huyo dirishani atawaondokea."

Mwanamke aliyekuwa na ndoo akaiweka chini taratibu, majivu yakamwagika kidogo miguuni pake. Zamda alikuwa ametoka nje. Alimfuata Mama mpaka karibu, amekunja mikono juu ya tumbo, akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuuliza.

"Sasa bibi, wangu nitamwogesha maji gani?"

Mama alimgeukia Asumini. Asumini alizijua tabia za maji kuliko mtu yeyote pale uani, na hakuwa na la kusema. Ikabidi Mama ajibu.

"Yoyote, mwanangu," akamwambia Zamda. "Ya kisima, ya dumu, ya kuomba kwa jirani. La msingi awepo wa kuogeshwa."

Walilala Mtotwe. Asubuhi Asumini alimwambia Mama kwamba atosheke, apumzike, habari zimeshaanza kusambaa zenyewe. Mama alikuwa ameshakaa garini.

"Wewe watakuita Dokta, watatikisa kichwa, kisha watapaka," akasema. "Mimi watanitazama."

Basi wakazunguka uwanda. Katika zahanati iliyofuata Mama alishindwa kumaliza, akasaidiwa kukaa, na mwanamke mmoja akamlaani waziwazi kabla hajazuiwa na wenzake. Mama akawaambia wenzake wamwache. Katika ile iliyofuatia alimaliza. Likonde, ambaye Asumini alishamwambia idhini haitatoka, alipiga simu kusema kwamba watoto wote wako kwenye mashine na mashine zote zinafanya kazi, na kwamba ameifungia kufuli ghalani. Asumini alimshukuru. Mama hakuuliza simu ilitoka kwa nani. Aliuliza tu kama Somoe amepiga, na alipoambiwa hapana akatazama nje.

Zahanati ya mwisho ilikuwa Nankweka, na mawingu yalikuwa yameshafika. Mama alisimama kizingitini akasimulia bila kutetemeka, kila jambo mahali pake, majivu, magunia, betri, jua lililochomoza. Alishajua pa kunyamaza, na pa kumtazama mwenye mtoto. Wanawake waliweka ndoo chini bila kuambiwa. Asumini, aliyekuwa nyuma yake ameshika ufunguo wa gari, akatambua kwamba Mama ameshaizoea hadithi, na kwamba ataisimulia hivi hivi kila msimu, kwa kila atakayemwita, mpaka siku watakapomzika yeye, na Somoe hatakuwapo kuisikia.